Dreva Mbili Kwenye Kuvunja Kamati

Harusi ya Kilosa haiishi siku bibi harusi anapopanda gari na kwenda zake. Huisha siku ya kuvunja kamati, pale waliochanga, waliopika, waliopanga viti na waliogombana juu ya rangi ya vitambaa wanapokutana kwa mara ya mwisho, wakala, wakanywa, wakatazama filamu ya harusi. Na asikudanganye mtu, hakuna anayekwenda pale kumtazama bibi harusi. Bibi harusi walishamwona. Kila mmoja anakwenda kujitazama yeye mwenyewe.

Happiness alilijua hilo vizuri, maana kupiga watu picha ndiyo kazi iliyomweka mjini. Studio yake ilikuwa chumba kimoja pale Mikumi, kando ya barabara kuu, mlango wa tatu kutoka kwa wauza vitunguu. Miaka yote alikuwa akipiga picha za ubatizo na mahafali ya darasa la saba. Harusi kubwa za Kilosa hakuzigusa, kwa sababu watu wa Kilosa wakitaka video huagiza watu kutoka Morogoro mjini, hata kama wa Morogoro huja wamechelewa na kula mara mbili. Mwaka huu, kwa mara ya kwanza, Mzee Gabrieli alisimama kwenye kikao cha kamati. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti, na bibi harusi, Yusta, ni mtoto wa mdogo wake. Akasema, "Tumpe binti yetu wa Mikumi. Naye Msagara mwenzetu, hawezi kutuaibisha."

Maneno hayo yalimfurahisha Happiness siku moja, kisha yakamkosesha raha siku zilizofuata. Mama yake, aliyekuwa mmoja wa wale wauza vitunguu, hakumsaidia.

"Ikiharibika," mama alisema, "Kilosa nzima watarudi kwa watu wao wa Morogoro, na wewe utarudi hapa tuuze vitunguu. Mwanangu, vitunguu havizimi ghafla."

Kazi ya kupiga picha ilikwenda salama. Shida ilikuwa kompyuta.

Kompyuta ile ilikuwa chini ya ulinzi wa Mashauri. Mashauri alikuwa fundi, kijana wa Kisukuma ambaye wazazi wake walihamia Rudewa na ng'ombe zao kabla hajazaliwa. Ng'ombe hakuwapenda, akapenda kompyuta, na baba yake mpaka leo huwaeleza wageni kwamba kijana yuko Mikumi "anachunga vitu visivyokunywa maji." Mwaka uliopita virusi vilipoimaliza kompyuta ya Happiness, Mashauri ndiye aliyefuta kila kitu akaweka mfumo mwingine wa kompyuta uitwao Linux. Virusi vikaisha. Ubishi ukaanza.

Ubishi wenyewe ulikuwa hivi. Ndani ya kompyuta kulikuwa na kadi ya picha, ndicho kifaa kinachozichora na kuziendesha picha kwenye kioo. Kadi haijui kuongea na kompyuta mpaka iwe na programu ya kuiongoza, ambayo mafundi huiita dreva. Kwa kadi ile zilikuwepo dreva mbili. Moja ilitolewa na kampuni iliyoitengeneza kadi. Unapewa, unaitumia, lakini ndani yake huoni kitu. Nyingine ni ya huria, imeandikwa na watu wa nchi mbalimbali waliojitolea, na maandishi yake yako wazi, mwenye macho asome, mwenye akili arekebishe. Mashauri aliweka ya huria. Hakuuliza mtu.

"Ile ya kampuni, mtani, ni chungu cha mama mkwe," alisema. "Kimefunikwa. Unakula, huulizi, na ukiumwa tumbo unasema asante."

"Na hii yako ni chungu cha msibani," Happiness akamjibu. "Kila anayepita anakoroga. Mwisho hakuna anayejua nani kaweka chumvi."

Waliitana mtani kwa sababu ndivyo walivyokuwa. Wasagara na Wasukuma wanataniana tangu enzi za babu zao, na utani una sheria yake. Mtani akikusema vibaya, hununi. Mtani akikunyang'anya kitu, hata kofia kichwani, unakikomboa kwa kinywaji na maneno matamu. Anayekasirikia utani ndiye mwenye kosa, naye huchekwa mara ya pili. Basi wawili hao walikuwa wakisemana kutwa, na wateja waliokuja kupiga picha za pasipoti walikaa hata baada ya kupata picha zao.

Lakini kichekesho kina mwisho wake. Happiness alipoanza kuikata na kuiunga filamu ya harusi ya Yusta, picha zilikwama. Bibi harusi alinyanyua mguu, akauacha hewani, akafikiri, ndipo akaushusha.

"Mtani, njoo umwone," Happiness aliita. "Mtoto wa watu anatembea kama kinyonga."

Mashauri akainama, akatazama. "Huo ni mwendo wa heshima. Au mlitaka akimbilie kwa mume?"

"Hapa ameingia kanisani kabla ya mguu wake."

"Sikiliza. Dreva haina kosa. Wenye kadi walificha namna ya kuipandisha kasi, wale wenzetu walioandika wanapapasa gizani. Aliyezima taa ndiye wa kulaumiwa."

"Sawa. Basi mimi naomba taa, sitaki historia ya taa."

Mashauri alikataa. Akasema yeye hawezi kuweka kitu asichoweza kukifungua, afadhali aende Rudewa akachunge. Happiness hakubishana. Alikuwa mtu wa kukaa na kutazama. Mashauri alipokwenda kula, alitafuta maelezo mtandaoni, akayasoma mara ya kwanza, akayasoma tena, akafuata hatua moja baada ya nyingine kama anayepima unga wa maandazi. Akaweka dreva ya kampuni. Aliporudi Mashauri, Yusta alikuwa akiteleza kwenye kioo kama maji ya mto Mkondoa wakati wa masika, shela linapepea, hata vumbi la mlangoni linaonekana likitua.

Mashauri alisimama mlangoni, kijiti cha meno mdomoni.

"Umemleta mgeni ndani bila kuniambia," alisema.

"Mgeni anafagia, anapika, analala mapema. Yule ndugu yako alikuwa anakula tu."

"Haya. Siku mgeni akiondoka usiniite."

"Sikuiti. Nitaita ng'ombe."

Wiki ile ilikuwa ya raha. Happiness alikata, akaunga, akaweka muziki, na kila alipomaliza kipande alimwita Mashauri amwone bibi harusi anavyotembea. Mashauri alikuwa anajibu kwa kukohoa. Ikabaki kazi moja tu, kuitoa filamu nzima iwe faili moja ambalo lingechezwa popote. Hiyo aliipanga kuifanya Ijumaa, maana kuvunja kamati ilikuwa Jumamosi alasiri.

Ijumaa asubuhi kompyuta ikamwomba ruhusa. Kuna apdeti, yaani maboresho mapya ya mfumo, ilisema, ubonyeze kukubali. Sasa, Happiness alilelewa kwamba mtu akibisha hodi unamwitikia karibu, na kitu kilichokuomba kwa adabu huwezi kukikatalia. Akabonyeza. Kompyuta ikafanya kazi yake kwa muda mrefu, ikajizima, ikajiwasha, na kioo kikabaki cheusi. Akaizima, akaiwasha. Kikawa cheusi zaidi, kama kitu hicho kinawezekana.

Alikaa akaitazama. Nje mama yake alikuwa akibishana na dereva wa lori juu ya debe la vitunguu, na kwa mara ya kwanza sauti ile ilimtisha. Ilikuwa kama mtu anamwita aje achukue nafasi yake.

Akapiga simu.

"Ng'ombe wote wamekwenda malishoni," Mashauri alisema baada ya kusikiliza. "Nikusaidie nini?"

"Mtani, sina muda wa kuchekwa."

"Nami sina muda wa kucheka. Nitacheka njiani nikija."

Na kweli alikuja akicheka. Akaeleza huku akibonyezabonyeza. Apdeti ilileta kiini kipya cha Linux, yaani moyo wenyewe wa mfumo. Dreva ya huria huishi ndani ya kiini, hivyo kiini kikibadilika nayo hubadilika. Ile ya kampuni iko nje, inategemea kampuni iitengenezee mlango mpya, na kwa kadi kuukuu kama ile kampuni ilikuwa haina haraka.

"Ndiyo nilikuambia, mgeni hajui desturi za nyumba," alisema. "Nyumba ikihamishwa mlango, yeye anagonga ukuta." Akailaza dreva ya kampuni, akaiamsha ya kwake. Kioo kikawaka. Kazi yote ilikuwepo, hakuna kilichopotea. Yusta naye alikuwepo, mguu hewani.

Walijaribu kuitoa filamu. Ilikwenda polepole mno, na umeme wa Mikumi siku ile ulikuwa unakuja kama jirani anayeomba chumvi, haukai. Hadi Jumamosi asubuhi haikufika hata nusu. Ikabidi waibebe kompyuta yenyewe mpaka Kilosa, waichezeshe filamu moja kwa moja kutoka kwenye programu ya kukatia. Mama akawapa kitenge cha kuifunga. Wakaipakata kwenye kiti cha nyuma cha gari la kukodi kama mgonjwa, Mashauri ameshika kichwa, Happiness ameshika miguu, na kila gari liliporuka shimo pale Zombo wote wawili walisema "pole" kwa wakati mmoja, wakaiambia kompyuta.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kamati ilikaa kulia. Kushoto walikaa wakwe, familia ya bwana harusi Lusekelo, waliosafiri kutoka Mbeya. Walikuwa watu wa heshima nyingi, wamekaa wima, mikono mapajani, mama yake Lusekelo mbele kabisa na miwani yake. Kwenye meza chache za nyuma walikuwepo majirani wa Rudewa, Wasukuma waliochanga ng'ombe wa harusi na ambao hawakuacha kulikumbusha jambo hilo.

Happiness alikwenda kumwamkia Mzee Gabrieli. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mambo yako tayari?"

"Yako tayari, baba."

"Vizuri. Wakwe wamekuja mbali. Nimewaambia hii ni kazi ya mtoto wetu."

Alirudi kwenye meza yake ya waya, penye kompyuta na projekta, akiwa amebeba sentensi hiyo kama ndoo iliyojaa.

Filamu ikaanza. Mwanzoni mambo hayakuwa mabaya. Sauti ilikwenda vizuri, na picha zilipokwama kidogo watu walidhani ni mtindo. Kila uso ulipotokea ulipigiwa vigelegele na mwenye uso wake. Ikafika sehemu ya chakula. Kamera ikapita meza ya wapishi, ikapita vijana, ikamfikia Mzee Gabrieli, ikasimama.

Haikuyumba. Ilisimama kabisa, ukuta mzima umejaa Mzee Gabrieli. Mdomo wazi hadi mwisho, macho yamefumbwa kwa utamu, na paja la kuku limeingia nusu. Muziki nao ukakatika. Ukabaki mlio wa projekta peke yake.

Happiness alibonyeza. Akabonyeza tena. Mshale hausogei. Kwa Msagara mwenzake, Mzee Gabrieli ni baba, na binti hamsimamishi baba mdomo wazi mbele ya wakwe. Kosa hilo halina jina la kitaalamu, na ukisema "ni dreva" hakuna atakayekuelewa, watakuuliza gari liko wapi. Aliona mama yake Lusekelo akiinua miwani. Aliona mwenyekiti akianza kunyanyuka kwenye kiti, polepole, akiwa na uso wa mtu anayetafuta pa kuanzia.

Ndipo kipaza sauti kikalia.

"Mtu asiguse kitu!" Alikuwa Mashauri. Ameshakiteka kutoka kwa mshereheshaji, amesimama katikati ya ukumbi. "Mimi Mashauri, Msukuma wa Rudewa, nimemkamata huyu! Miaka yote watani zetu Wasagara wanatuuliza ng'ombe zetu wanakula nini. Leo nauliza mimi. Jamani, kuku wa kamati walikwenda wapi?"

Meza za nyuma zikalipuka. Mzee mmoja wa Rudewa akapiga meza kwa fimbo. "Mshike hapohapo! Asimeze!"

Mzee Gabrieli alisimama wima. Kwa kitambo kidogo mtu hakujua kama atafoka au atacheka. Kisha, taratibu, uso wake ukabadilika, na kila aliyezaliwa Kilosa akajua kinakuja nini, maana mtani ameitwa, na mtani haruhusiwi kununa.

"Nilimla haraka," alisema kwa sauti kubwa isiyohitaji kipaza sauti, "kwa sababu niliona ng'ombe wako amesimama dirishani anamtazama!"

Vicheko. Wakwe walitazamana. Mama yake Lusekelo alimnong'oneza jirani yake, jirani akamweleza, naye akaziba mdomo kwa mtandio, mabega yanatikisika.

Mashauri alirudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kwenye meza ya waya, kipaza sauti kimefunikwa kwa kiganja. "Zima, washa," alimnong'oneza Happiness bila kugeuza uso. "Ikianza, kabla haijaamka, italeta orodha ya viini. Shuka chini, chagua kiini cha zamani, apdeti haikukifuta. Dreva yako ya kampuni bado imelala humo."

Happiness alimtazama. "Bado imo? Tangu jana ulijua?"

"Mtani, maswali baadaye."

"Yaani ungeweza tangu jana..."

"Baadaye!"

Akazima. Ukuta ukawa mweusi, watu wakaguna, Mashauri akafunua kipaza sauti. "Msihangaike! Nimemfungia ndani. Hatoki mpaka akombolewe. Na mimi sichukui maneno matupu, mtani."

"Mleteeni kreti la soda," Mzee Gabrieli aliamuru. "Mmfungulie na chupa. Huyu alizoea kunywa kwenye kibuyu."

"Soda tu? Sura ile? Watani, kwa sura ile soda inatosha?"

"Haitoshi!" meza za nyuma ziliitikia.

"Basi aongezewe lile paja," mzee alisema. "Lenyewe, nilivyoliacha."

Ikabidi wakwe nao wacheke bila kujificha. Huku wakicheka, Happiness alikuwa ameinama, kidole kwenye kitufe, anasubiri. Orodha ikatokea. Akashuka chini, akachagua. Kompyuta ikawaza, ikawaza, akaiombea kimoyomoyo, ikaamka. Akafungua filamu, akaipeleka hapohapo ilipokwama, akampa Mashauri ishara kwa kichwa.

"Amekombolewa!" Mashauri akatangaza. "Mfungueni!"

Na Mzee Gabrieli wa ukutani akamalizia paja lake la kuku, laini, bila kukwama, akajifuta mdomo kwa kitambaa cha rangi iliyogombaniwa, akacheka na aliyekaa naye. Makofi aliyopigiwa hakuyapata hata bwana harusi. Kuanzia pale filamu iliteleza hadi mwisho. Yusta akapanda gari, shela likabaki mlangoni kidogo, likavutwa ndani, mlango ukafungwa. Mama yake Lusekelo alilia kidogo, kilio kile kizuri.

Watu walipoanza kusogea kwenye chakula, Mzee Gabrieli akaja kwenye meza ya waya. Happiness alipiga goti. Mashauri alikuwa pembeni anakunja nyaya, akajikunja nazo.

"Nieleze," mzee alisema. "Nani alinisimamisha pale?"

Happiness alifikiri kuhusu kiini, kadi na kampuni isiyo na haraka. Hakupenda kumdanganya. "Baba, kusema kweli, ile mashine..."

"Nyamaza kwanza, mwanangu." Aliinua kidole. "Mashine haina utani na mimi. Mashine ikinisimamisha vile mbele ya wakwe, nitakasirika, na nikikasirika itabidi nimtafute mwenye mashine. Lakini Msukuma akinisimamisha, nifanye nini? Si mtani wangu? Sasa nakuuliza tena. Nani alinisimamisha?"

Happiness akatazama chini. "Ni Mashauri, baba."

"Nilijua." Akageuka kidogo. "Wewe, nakuona. Paja lako liko jikoni." Kisha akamrudia Happiness. "Baada ya mavuno tunaozesha mwingine, kule Kidete. Kamati haijakaa, lakini mwenyekiti ni mimi. Wa Morogoro tutawapumzisha. Uje na mashine yako."

Alipokwenda, Mashauri aliibuka kutoka kwenye nyaya.

"Mtani, hili la kujua tangu jana," alianza, "naomba tulifiche. Mafundi wenzangu wa huria wakisikia kwamba nilificha dreva inayofanya kazi, nitakwenda wapi?"

"Loo! Wewe si ndiye wa kila kitu kiwe wazi, mwenye macho asome?"

"Hiki kimoja tu."

"Na yangu ya kampuni, ndiyo iliyomtoa mzee kifungoni. Sema."

"Ilimtoa," Mashauri alisema, akiwa anaangalia upande mwingine kabisa. "Lakini nani alimfungulia mlango?"

Happiness alitaka kumjibu, ila alikumbuka yule mtu aliyesimama katikati ya ukumbi akijitwisha kosa lisilo la mtu, akaona jibu lingeweza kungoja mpaka Mikumi. Akamsukumia kitenge waifunge kompyuta.

Walikuwa bado wanafunga fundo mama yake Lusekelo alipofika, miwani mkononi, anatafuta maneno.

"Shikamoo mama," wote wawili walisema.

"Marahaba wanangu. Hiyo filamu tutapata na sisi tupeleke Mbeya?"

"Mtapata, mama. Nitawatumia wiki ijayo," Happiness alisema.

"Na pale mkwe alipofungiwa," mama alishusha sauti, akatazama nyuma kama mwizi, "pale msikate. Ikiwezekana, akae kidogo zaidi."